Iondoke, ibaki na kibao, au ihamie makumbusho? Ulinganisho kwa wanaotakiwa kuamua kuhusu sanamu za wakoloni

Karibu kila njia inayojadiliwa leo kuhusu sanamu za wakoloni imekwisha kujaribiwa juu ya sanamu moja, na sanamu hiyo ilianzia Dar es Salaam. Ni sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann, ofisa wa Kijerumani aliyeletwa pwani mwaka 1889 kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim al-Harthi, Bwana Heri wa Saadani na watu wa Mrima waliokataa kutawaliwa. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakamsimamishia Wissmann sanamu mjini.

Picha zake zipo, na inafaa kuzitazama taratibu. Wissmann yuko juu, mkono kwenye upanga, macho yanatazama mbali. Chini yake yupo askari Mwafrika, ameinua uso kumtazama bwana mkubwa huku akitandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyelala hoi. Mwafrika pekee katika kazi hiyo nzima amewekwa pale ili amtazame mwingine kwa heshima.

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam katika vita hivyo waliiondoa. Ikaishia Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922. Mwaka 1967 wanafunzi waliiangusha, ikarudishwa. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, na safari hii haikurudi, ikawekwa ghalani. Mwaka 2004 msanii mmoja aliisimamisha bandarini kwa zaidi ya mwaka na kuwaalika watu wajadili kwenye intaneti ifanywe nini. Mwaka 2016 ilionyeshwa Berlin katika Makumbusho ya Historia ya Ujerumani, ikiwa imelazwa chini.

Naandika kwa ajili ya wanaotakiwa kutoa kauli: diwani, mwalimu wa historia, mwanachama wa jumuiya ya Watanzania au Wakongo Ulaya aliyeitwa kwenye kikao cha manispaa, au mwanafunzi aliyepewa mada hii na anataka kujua nini kilifanya kazi wapi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Sanamu iliyosimamishwa kumtukuza mtu aliyewatesa watu ishushwe kutoka pale juu, lakini isiyeyushwe wala kufichwa. Ipelekwe mahali ambapo itaelezwa kikamilifu. Sanamu iliyosimamishwa kuwaomboleza wafu, hata kama aliyeisimamisha alikuwa mkoloni, ibaki pale ilipo na irekebishwe. Makosa mengi niliyoyaona katika mjadala huu yanatokana na kuzichanganya aina hizi mbili.

Kwanza uliza nani alilipa, na lini

Edward Colston wa Bristol alifariki mwaka 1721. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1895, miaka 174 baadaye. Alikuwa ofisa wa juu wa Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyosafirisha Waafrika kama watumwa. Inakadiriwa kuwa katika miaka aliyokuwa humo watu wapatao 84,000 walisafirishwa, na 19,000 kati yao walifia baharini. Kibao cha mwaka 1895 hakikutaja hata mmoja. Kilimtaja Colston kuwa miongoni mwa wana wema na wenye hekima kuliko wote wa mji ule.

Sanamu hiyo basi inatueleza zaidi habari za matajiri wa Bristol wa mwaka 1895 kuliko habari za Colston. Ndivyo ilivyo pia kwa sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza kusini mwa Afrika, iliyosimamishwa Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1934 wakati Waafrika wa Afrika Kusini wakizidi kunyang'anywa haki zao, na kwa Jenerali Robert E. Lee wa Richmond, Marekani, aliyesimamishwa mwaka 1890, robo karne baada ya upande wake kushindwa vita vya kutetea utumwa. Aliyetoa fedha alikuwa na jambo la kuwaambia wapita njia wa zama zake.

Ndiyo maana ile hoja kwamba kuondoa sanamu ni kufuta historia hainishawishi. Abushiri hakusimamishiwa sanamu na Wajerumani, na bado tunamjua. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitungia vita ile utenzi, kwa Kiswahili, akiwa mtu wa Mrima mwenyewe. Historia ilibaki vitabuni, midomoni mwa wazee na madarasani. Kinachotoka sanamu inapoondolewa ni heshima ya hadharani, nayo inaweza kutolewa na kuondolewa na wenye mji.

Kibao cha maelezo: rahisi kukubalika, rahisi kudanganya

Hii ndiyo njia inayopendwa na serikali. Uingereza tangu mwaka 2021 imeifanya kuwa sera: zibaki na zielezwe. Faida zake ni za kweli. Gharama ni ndogo, hakuna sheria ya majengo ya kale inayovunjwa, na mpita njia anakutana na maelezo palepale badala ya kuyatafuta makumbusho ambako huenda asikanyage kamwe.

Tatizo ni kwamba jiwe linazungumza kwa ukubwa na kibao kinazungumza kwa herufi. Mtu wa shaba aliye mita kadhaa juu ya vichwa vya watu ameshasema lake kabla hujakaribia kusoma. Anayepita kwenye basi hasomi kabisa. Mtoto hasomi. Na maelezo hayo huandikwa na nani? Bristol walijaribu. Mwaka 2018 jiji lilianza kuandaa kibao cha pili cha kumweleza Colston kwa ukweli. Maneno yakaandikwa, yakapingwa, yakapunguzwa makali kwa shinikizo la jumuiya ya wafanyabiashara wakongwe wa mji, hadi meya Marvin Rees akasimamisha kazi hiyo mwaka 2019, kwa kuwa kilichobaki hakikuwa ukweli tena. Mwaka uliofuata watu waliiangusha sanamu na kuitupa bandarini. Aliyeshangazwa na tukio la tarehe 7 Juni 2020 na akumbuke kwamba njia ya kibao ilikwisha kujaribiwa na kuzuiwa.

Oxford nako, Chuo cha Oriel kilisema Juni 2020 kwamba kinataka Rhodes aondolewe kwenye ukuta wa jengo lake. Tume huru iliundwa, na wengi wa wajumbe wake waliunga mkono kuondoa. Mei 2021 chuo kikatangaza hakitaendelea, kwa sababu ya gharama na ugumu wa taratibu za kisheria. Oktoba kikawekwa kibao kinachomtaja Rhodes kuwa mkoloni thabiti. Rhodes yupo juu kule kule. Kibao kipo chini, usawa wa mtembea kwa miguu.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa mtaa, hauhusu sanamu. Berlin, katika kitongoji cha Wedding, kulikuwa na barabara iitwayo Petersallee, iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939 chini ya Wanazi. Peters ni yule aliyezunguka Usagara na Uzigua mwaka 1884 akikusanya misalaba ya wazee kwenye mikataba wasiyoielewa, na ambaye huko Kilimanjaro aliwanyonga msichana Mwafrika na mtumishi wake. Hata Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Mwaka 1986 mji ulipobanwa, haukubadilisha jina. Ulitangaza kwamba kuanzia sasa Petersallee ni ya Hans Peters, Mjerumani aliyepinga Wanazi, na ukaongeza kibao kidogo cha kusema hivyo. Jina lilelile, barabara ileile, maana mpya kwa karatasi. Haikumridhisha mtu yeyote aliyekuwa ameumia. Wanaharakati, wakiwamo Waafrika wanaoishi Berlin, waliendelea kudai kwa zaidi ya miongo mitatu, na Agosti 2024 barabara hiyo ikagawanywa majina mawili: sehemu moja ni Maji-Maji-Allee, nyingine ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa akipinga ubaguzi.

Kwa hiyo ukiambiwa "tutaweka kibao", uliza hivi: je, baada ya kibao, yule mtu bado ataonekana kuwa ametukuzwa? Kama jibu ni ndiyo, mmeahirisha tu.

Lakini zipo sehemu ambapo kueleza palepale kumefanikiwa sana, na nisipozitaja nitakuwa nadanganya. Bremen ina tembo wa matofali, mrefu kama jengo la ghorofa tatu, aliyejengwa mwaka 1932 kuwa mnara wa kutamani makoloni yaliyopotea. Mwaka 1990, Namibia ilipopata uhuru, mji ule uliutangaza rasmi kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Mwaka 1996 Rais Sam Nujoma alikuja kuzindua kibao cha kuwakumbuka wahanga wa utawala wa Kijerumani Namibia, na baadaye pembeni yake ukawekwa ukumbusho wa mawe yaliyotoka Omaheke, jangwa ambako Waherero walisukumwa wafe kwa kiu. Kwa nini ilifaa? Kwanza, tembo si mtu. Hakuna Peters wala Wissmann wa kuendelea kuheshimiwa. Pili, mji wenyewe ulitamka kwamba umebadilika, haukujificha nyuma ya maneno ya pande zote mbili. Tatu, waliotendewa walishiriki, na nchi yao ilikuja kwa jina lake.

Mfano mwingine ni wa Ostend, Ubelgiji, na huu haukuombewa kibali. Ufukweni yupo Mfalme Leopold wa Pili juu ya farasi, mnara wa mwaka 1931. Upande mmoja lipo kundi la Wakongo wakimshukuru kwa kuwaokoa na utumwa wa Waarabu. Msomaji wa Kiswahili anajua kilichofichwa hapo. Biashara ya watumwa ya akina Tippu Tip ilikuwa ya kweli na ya kikatili, na ndiyo Leopold aliyoitumia kama kisingizio cha kujitwalia nchi nzima, kisha utawala wake ukaleta kazi ya lazima ya mpira na mikono iliyokatwa. Mwaka 2004 watu waliukata kwa msumeno mkono wa Mkongo mmoja wa shaba kwenye mnara huo. Mji haukuurudisha. Mpaka leo mtu akisimama pale anaona mkono usio na kiganja, na mnara mzima umegeuka ushahidi dhidi ya yule aliyejengewa. Sishauri mtu achukue msumeno. Nasema tu kwamba maelezo yaliyoingia mwilini mwa sanamu yana nguvu ambayo kibao pembeni hakitaipata. Mkichagua njia ya kueleza, mpeni kazi hiyo msanii, tena msanii wa jamii iliyoumizwa, na mumruhusu aiguse sanamu yenyewe.

Ukubwa nao una neno lake. Bismarck, Kansela wa Ujerumani aliyekuwa mwenyeji wa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ana mnara wa mita 34 mjini Hamburg. Kuuhamisha ni kazi nzito mno. Jiji liliitisha shindano la mawazo ya kuubadilishia maana, na mwaka 2023 majaji hawakumpata mshindi.

Kuondoa: faida ya haraka na hatari zake

Kuondoa kuna ukweli wa namna yake. Tarehe 9 Aprili 2015 winchi ilipomnyanyua Rhodes kutoka jukwaa lake Cape Town, hakuna aliyehitaji kusoma kitu ili aelewe. Ilikuwa mwezi mmoja tu tangu mwanafunzi Chumani Maxwele aimwagie kinyesi sanamu ile, na katika mwezi huo chuo kilijadili mambo kiliyoyakwepa kwa miaka: nani anafundisha, nini kinafundishwa, nani anaweza kulipa ada. Ghent, Ubelgiji, iliondoa kichwa cha Leopold tarehe 30 Juni 2020, Kongo ikitimiza miaka 60 ya uhuru, siku ileile ambayo Mfalme Philippe alimwandikia rais wa Kongo kueleza masikitiko yake. Tarehe iliyochaguliwa vizuri hufanya kazi ambayo hotuba haiwezi.

Hatari ya kwanza ni kuondoa bila mazungumzo. Accra, sanamu ya Gandhi ilizinduliwa katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2016 na rais wa India, na Desemba 2018 ikaondolewa kimya kimya, baada ya wahadhiri kulalamikia maandishi yake ya ujanani kuhusu Waafrika. Ilikuja bila jamii ya chuo kuulizwa, ikaondoka vivyo hivyo. Sanamu imetoka, na mjadala kuhusu Gandhi wa Afrika Kusini, ambao ni mgumu na una pande nyingi, haukupata uwanja.

Hatari ya pili ni sanamu kupata kwao kwingine. Baada ya uhuru wa Kenya, sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, iliondolewa katikati ya Nairobi, na barabara yake ikawa Kenyatta Avenue. Ni uamuzi ninaouunga mkono kabisa. Lakini sanamu yenyewe ilikwenda Soysambu, kwenye shamba la familia yake karibu na ziwa Elmenteita. Mji ulipata nafasi yake, na familia ikapata mzee wake, amesimama akiitazama ardhi ileile iliyokuwa chanzo cha ugomvi. Anayeamua kuondoa aseme pia inakwenda wapi.

Hatari ya tatu ni kurudi. Mobutu aliiondoa sanamu ya Leopold katikati ya Kinshasa mwaka 1967. Februari 2005 waziri wa utamaduni aliirudisha karibu na stesheni kuu, kwa hoja kwamba watu waikumbuke historia yao. Haikumaliza siku mbili, ikang'olewa. Kitu kilichofungiwa ghalani bila maelezo humngojea waziri mwenye wazo.

Makumbusho: njia ninayoipendelea, kwa masharti

Colston alipotolewa majini, wahifadhi walifanya jambo la busara: hawakumsafisha. Waliondoa matope ya bandarini, lakini rangi nyekundu na buluu aliyopakwa na waandamanaji waliiacha usoni na kifuani. Ndani ya makoti yake ya shaba walikuta gazeti la mwaka 1895 lililoandikwa kwa mkono majina ya mafundi waliomsimamisha. Juni 2021 aliwekwa kwenye makumbusho ya M Shed, amelazwa chali, pembeni yake mabango ya maandamano. Wakazi waliulizwa wanataka nini. Karibu watu 14,000 walijibu, na takribani wanne kati ya kila watano walitaka abaki makumbusho. Sasa yupo humo kwa kudumu.

Tofauti kubwa ni ule ulazaji. Ukimsimamisha mtu wa shaba makumbusho, juu ya jukwaa lake, umemhamishia tu heshima yake ndani, ambako hanyeshewi. Akilazwa, unamtazama kutoka juu. Unaona mishono ya shaba, matundu ya misumari, ukubwa wa kiatu. Anakuwa kitu kilichotengenezwa na watu, na hapo ndipo swali la nani alimtengeneza na kwa nini linapokuja lenyewe.

Sharti la pili ni kwamba historia ya sanamu isikatwe siku iliposimamishwa. Walioiangusha ni sehemu yake. Bristol rangi ilibaki. Kinshasa, kwenye kilima cha Ngaliema, Leopold wamemweka kwenye eneo la makumbusho ya taifa, na sanamu iliyoangushwa ya Stanley, mpelelezi aliyemtumikia, ipo hapohapo. Ukiwaona pamoja unaelewa enzi nzima kwa mkupuo.

Windhoek wanatuonyesha makumbusho isiyo na masharti hayo. Mpanda farasi wa Kijerumani, mnara wa mwaka 1912, uliwekwa kibao cha kuwaenzi wanajeshi na raia wa Kijerumani waliokufa katika vita dhidi ya Waherero na Wanama. Maelfu kwa maelfu ya Waherero na Wanama waliokufa hawakutajwa. Desemba 2013 serikali iliung'oa na kuuweka ndani ya ua wa ngome ya zamani. Hapo ukasimama, umefichwa kidogo, bila maelezo ya kutosha. Haukuondoka wala haukuelezwa.

Udhaifu wa makumbusho sitauficha. Kiingilio kinawazuia wengi, na huku kwetu makumbusho nyingi hazina fedha za kutunza hata walichonacho. Mtu asipeleke tani za shaba Dodoma au Arusha akidhani amemaliza kazi.

Kuongeza: pale ambapo hakuna cha kuondoa, au ambapo kuondoa hakutoshi

Nairobi ilimjengea Dedan Kimathi sanamu, ikazinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 tangu Waingereza wamnyonge, kwenye mtaa wenye jina lake. Mwaka 2015 ukumbusho wa waliotendewa ukatili wakati wa Mau Mau ulizinduliwa Uhuru Park, kwa fedha za serikali ya Uingereza, kufuatia kesi ya wazee waliodai haki London. Songea, makumbusho ya Majimaji yana sanamu za machifu walionyongwa mwaka 1906, na ni hapo ambapo Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Novemba 2023 kuomba msamaha kwa niaba ya Ujerumani.

Berlin walitumia njia hii kwa ustadi mwaka 2021. Wissmannstraße ya Neukölln iliitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la binti wa Kilimanjaro aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri Tanzania. Jina la mvamizi limetoka, na aliyechukua nafasi ni mtu wa nchi iliyovamiwa. Napenda namna hii kuliko kuacha pengo, au kuweka jina la ua au ndege ili kila mtu aridhike.

Kuongeza peke yake, hata hivyo, huleta hesabu mbaya ikiwa mkubwa anabaki katikati ya mji na mpya anawekwa pembezoni.

Sanamu ya Askari Posta: mfano mgumu

Sasa njoo Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Samora. Askari wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na Nairobi ipo ndugu yake yenye watu watatu, mmoja wao mpagazi. Maneno ya Dar yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yametungwa na Rudyard Kipling, mshairi wa himaya. Yanawakumbuka askari Waafrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Wapo wanaosema ni mnara wa mkoloni, uondoke. Naelewa, maana nchi inayotajwa pale haikuwa yao, na wapagazi wengi walishikwa kwa nguvu vijijini. Wanahistoria wanakadiria kuwa upande wa Waingereza pekee wapagazi waliokufa wanakaribia 100,000, wengi kwa njaa, malaria na kuhara damu. Lakini ukiuondoa, mji unabaki na nini cha kuwakumbuka? Hakuna kaburi la wengi wao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mnara unaoahidi jina kukumbukwa hauna hata jina moja.

Hapa ndipo maelezo palepale yanaposhinda njia nyingine zote. Anayesimama juu hakuwa mtawala. Maneno ya Kipling ni machache na hayamtawali mtu yeyote anayepita. Kosa la mnara ni upungufu, na upungufu hujazwa. Ningependa ukuta mfupi kuuzunguka mzunguko ule, au kwenye bustani ya karibu, wenye majina yaliyopatikana kwenye daftari za mishahara na za hospitali za jeshi, na pale ambapo jina halikupatikana, wilaya walikochukuliwa. Waandikwe pia waliobebeshwa mizigo na Wajerumani, kwa kuwa nao walikufa kwenye njia zilezile.

Ukipewa kalamu

Kabla ya kupiga kura, pata majibu ya mambo yafuatayo kwa maandishi. Sanamu ni mali ya nani: manispaa, chuo, kanisa au familia? Mwenye mali akitaka kukwamisha, atakwamisha. Ilisimamishwa na nani na kwa fedha gani? Aliyesimama juu anatukuzwa au anaombolezwa? Jamii iliyoumizwa ina wajumbe wangapi kwenye kamati, na je, wana kura au wamealikwa kusikiliza? Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Kamati isiyo na Mtanzania ikiandika kuhusu Wissmann, au isiyo na Mkongo ikiandika kuhusu Leopold, itaandika "mtu mwenye utata". Abushiri hakunyongwa na utata.

Weka tarehe ya mwisho. Petersallee ilichukua miaka 38 kati ya kibao na jina jipya. Miaka miwili inatosha kwa utafiti, vikao na uamuzi. Zaidi ya hapo ni kusubiri waliolalamika wachoke.

Dai bajeti ya yale yatakayofuata baada ya uamuzi: winchi na lori, lakini pia mlinzi, mwalimu wa makumbusho, tafsiri. Kama sanamu ya mtu aliyeteka Mrima itaonyeshwa Ulaya, maelezo yake yawe kwa Kiswahili pia, kwa herufi za ukubwa uleule na Kijerumani, na yaandikwe na mtu anayekijua Kiswahili tangu utotoni. Na kama jukwaa litabaki tupu, amueni siku ileile ya kuondoa litatumiwaje na nani, kwa muda gani, na nani atalipa.